Vichwa Kumi na Saba

Siku Noreen alipokosekana, mtu wa kwanza kuniuliza alipo alikuwa yuleyule aliyeondoka naye asubuhi.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, saa nane na nusu mchana. Nilikuwa jikoni natia mafuta bawaba za mlango wa kabati, kazi ambayo Noreen alikuwa akinikumbusha tangu Pasaka. Simu ikalia. Sauti ya mwanamume, laini, ya mtu aliyezoea kusoma risala, ikasema, "Habari za mchana. Naitwa Crispin Loweth, kiongozi wa matembezi. Samahani kwa usumbufu. Noreen ameshafika nyumbani?"

Nikamwambia hajafika. Nikamwambia kwamba yuko na wao.

"Ndiyo," akasema. "Na sisi tulidhani hivyo."

Wakati tunaongea, Noreen alikuwa ameshaonekana. Mwanamke mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa wake alimkuta nusu saa kabla, pembeni mwa shamba la ng'ombe, amekaa kwenye ngazi ya mbao ya kuvukia uzio, ameegemea nguzo, begi liko magotini. Wahudumu wa gari la wagonjwa walifika, wakajaribu, wakaacha. Ulikuwa moyo. Alikuwa na miaka sitini na sita. Simu yake ilikuwa ndani ya begi, imezimwa, kwa sababu alikuwa na kawaida ya kuizima akiwa anatembea.

Naandika haya kwa sababu nimeanza kuchanganya mambo. Juzi nilijikuta namwambia jirani kwamba mvua ilikuwa inanyesha siku ile. Haikunyesha. Ilikuwa siku nzuri.

Kundi lenyewe linaitwa Watembezi wa Jumamosi. Wanakutana kwenye stesheni ya London Bridge chini ya saa, wanapanda treni ya saa tatu na dakika saba kwenda mashambani Kent au Sussex, wanatembea maili kumi, wanakula katika baa ya kijiji, wanarudi jioni wana tope hadi magotini na wanajiona wametoka vitani. Tangazo lao linasema: Njoo peke yako, urudi na marafiki. Noreen alikwenda peke yake. Alirudi baada ya siku nne katika gari la mazishi, akiwa na dereva.

Mimi sikuwahi kwenda. Nilikuwa fundi wa lifti kwa miaka thelathini na nane, na mtu aliyepanda ngazi za majengo mabovu ya London kwa miaka yote hiyo haoni sababu ya kulipa nauli akatembee bure. Lakini niliwajua wote. Kila Jumamosi jioni, Noreen akishavua buti, nilikaanga mayai na yeye akaniletea upumbavu wao wa siku hiyo. Aliigiza jinsi Crispin anavyokunja ramani. Aliigiza jinsi wanavyoomba radhi kwa kondoo. Alikuwa na kipaji hicho, angeweza kukuonyesha mtu kwa nyusi tu. Nilicheka mpaka nikaweka uma chini. Nilikuwa nikiamini kwamba anaenda kwa ajili hiyo, kunikusanyia.

Baada ya miaka miwili walimpa cheo. Katika kundi lile kiongozi anatangulia na ramani, na mtu mwingine anakuwa mshika mkia, yaani anakaa nyuma kabisa ili asipotee mtu. Sheria ya mshika mkia ni moja: hakuna anayebaki nyuma yake. Noreen ndiye aliyekuwa mshika mkia wao kwa miaka mitatu. Alikuwa na subira na watu wenye kamba za viatu zinazofunguka.

Barua ya Crispin ilikuja wiki tatu baada ya mazishi. Kurasa mbili, zimepigwa chapa vizuri, mpangilio kama wa ofisi ya kodi alikostaafia. Neno "tukio" lilikuwamo mara saba. Jina la mke wangu mara mbili. Na katikati ya ukurasa wa pili kulikuwa na sentensi hii: Vichwa vilihesabiwa stesheni na vikahesabiwa tena mlangoni mwa baa, na mara zote mbili idadi ilikuwa kumi na saba.

Niliisoma sentensi hiyo kwa miezi saba. Waliondoka London watu kumi na saba, na Noreen ni mmoja wao. Wakafika kwenye baa bila Noreen. Wakawa kumi na saba. Nimeshughulika na hesabu za watu maisha yangu yote; kila lifti ina kibao kinachosema inabeba wangapi. Kumi na sita si kumi na saba. Ama mtu alidanganya, ama kulikuwa na kitu ambacho sikuambiwa, na kwa sababu ya kitu hicho walikaa chini wakala kwa saa moja na nusu wakati yeye yuko kwenye ngazi ya mbao. Daktari hakuweza kusema alikufa dakika gani. Alisema kati ya saa saba kasorobo na saa nane. Basi nilitaka kujua kumi na saba ilitoka wapi. Nilitaka mtu mmoja wao anitazame usoni aniambie.

Mwezi wa Mei ikaja kadi. Watembezi wa Jumamosi watafanya matembezi ya kumbukumbu, njia ileile, na kwenye ngazi ile watazindua kibao cha shaba. Maneno yalikuwa yameandikwa kwenye kadi ili tuyafurahie mapema: Noreen Garbutt, mwenzetu mpendwa, alipumzika hapa akifanya alichokipenda.

Alichokipenda. Kukaa kwenye ubao akisubiri watu kumi na sita wakumbuke kugeuza shingo.

Nikajibu kwamba nitakuja.

*

Niliwatambua kutoka mwisho wa stesheni. Huwezi kukosea. Watu wazima wamevaa kana kwamba wanakwenda kuishi juu ya theluji, fimbo mbilimbili mkononi, wakati tunakwenda Kent, ambako kilima kirefu kuliko vyote ungekipanda ukisukuma kigari cha mtoto. Kila mmoja alikuwa na kipande cha karatasi kifuani chenye jina lake. Mwanamke mwenye mashavu mekundu akanijia na kalamu.

"Wewe ni Wilf," akasema. "Mimi ni Philippa. Simama hivyohivyo nikubandike." Akanibandika. "Haya, sasa hupotei."

Nikamtazama. Akasikia alichosema, na mashavu yakazidi kuwa mekundu.

"Mungu wangu," akasema polepole. "Samahani, Wilf."

"Si kitu," nikamwambia. Nilikuwa nimeanza kuwahesabu mwenyewe.

Crispin alikuwa mrefu, mwembamba, ramani imening'inia shingoni ndani ya mfuko wa plastiki kama kitambulisho cha hospitali. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Wiki moja kabla ya kila matembezi anakwenda kuipita njia nzima peke yake, nadhani ili kuhakikisha mashamba bado yapo. Akatuhesabu kwa kidole, midomo inacheza, macho yakiwa kwenye mapaji ya nyuso zetu. Ishirini na moja.

Ndani ya treni akapita kiti kwa kiti na daftari. Baa za vijijini hazipendi kundi lije bila taarifa, kwa hiyo chakula kinaagizwa asubuhi kwa simu treni ikiwa bado inatembea.

"Pai ya samaki, soseji na viazi vya kuponda, au supu ya uyoga," akaniambia.

"Sili."

"Wanataka idadi kamili, unajua. Lazima niandike kitu."

"Andika sili."

Akafikiri. "Nitakuandikia supu," akasema, akaendelea.

Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, akaniinamia. "Wewe ndiye Wilf wa askofu?"

"Askofu gani?"

"Acha mambo yako, bwana. Aliyekwama kwenye lifti na keki ya harusi. Ukafungua mlango baada ya dakika arobaini, keki imebaki ghorofa moja, na askofu anakwambia ilipungua yenyewe." Alikuwa anacheka tayari. "Noreen alituua na ile. Na ile ya kwako na njiwa kwenye shimo la lifti. Mwambie huyu jirani yangu ya njiwa."

"Mwambie wewe. Naona unaijua."

Akaisimulia, basi. Aliisimulia vizuri, na alitumia sauti, na sauti ilikuwa yangu. Niliisikia sauti yangu kwenye mdomo wa mtu nisiyemjua, na nyusi zilikuwa za Noreen. Watu wa viti vya pembeni wakaanza kumalizia sentensi kabla yake.

Philippa akaniona. Alikuja kukaa karibu yangu na kopo la biskuti za shayiri alizooka mwenyewe, ngumu kama kokoto.

"Na sisi alikuwa anatupeleka kwako, najua," akasema. "Usijali. Alituigiza sote mbele ya macho yetu. Alimwigiza Crispin mbele ya Crispin, hapa hapa ndani ya treni, mpaka mkaguzi wa tiketi akasimama kutazama."

Nilichukua biskuti ili mdomo uwe na kazi. Miaka mitano nilidhani mzaha ule ulikuwa wa watu wawili, mezani, mimi na yeye, na wao hawamo. Kumbe alikuwa akibeba mizigo pande zote mbili, na nauli ya kuja alilipa kwa hadithi zangu.

*

Tulishuka kwenye stesheni ndogo isiyo na mtu, ikabidi wote kwanza waende msalani, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetoka akatoa taarifa ya hali ya mle ndani kwa anayefuata. Ndipo tukaanza.

Noreen hakuwa ametia chumvi. Nataka hilo liandikwe. Kwenye geti la shamba mtu mmoja hulishika, na kila anayepita humwambia asante, na yeye humjibu kila mmoja karibu. Tulikuwa ishirini na mmoja. Hiyo ni asante ishirini na karibu ishirini, na mageti yalikuwa kumi na moja. Ng'ombe walitutazama kama watu wanaosubiri mkutano uishe. Watembezi wanaongea bila kupumua, halafu baada ya kila shamba wanabadilishana, uliyekuwa naye anapotea na mwingine anakuja na swali lilelile: na wewe, umetokea upande gani? Nilisikia habari za magoti matatu yaliyofanyiwa upasuaji. Nilisikia mjadala wa soksi, soksi moja au mbili, uliodumu kilima kizima, na hakuna aliyebadili msimamo. Wakifika penye tope walifurahi. Wakifika pakavu walisimulia tope la wiki iliyopita.

Na hawakusema lolote. Ndicho kitu kilichonishinda. Maili sita, midomo ishirini, na hakuna neno moja lenye mtu ndani yake. Waliniambia Noreen alikuwa mwema. Mwema ni neno la kumwambia mtu anayekushikia geti.

Tukaingia kwenye njia nyembamba katikati ya shamba la maua ya manjano, marefu hadi kifuani, ambapo watu walilazimika kupita mmojammoja, na makelele yakapungua. Hapo mwanamke mmoja wa miaka thelathini hivi alipunguza mwendo mpaka nikamfikia. Hakuwa ameongea na mtu tangu London. Kifuani kwake pameandikwa Tamsin.

"Naomba nitembee na wewe," akasema.

"Njia ni ya wote."

Alitembea mbele yangu, kwa hiyo alichokisema alikisema bila kugeuka, na nadhani ndiyo maana aliweza.

"Siku ile ilikuwa mara yangu ya kwanza," akasema. "Sijarudi tena mpaka leo. Nilikosa treni ya saa tatu, dakika mbili tu. Nikapanda iliyofuata. Walikuwa wamenitumia ramani, nikasema nitawakimbilia. Nilikimbia karibu njia nzima."

Nilifuata visigino vyake.

"Nilimkuta kwenye ngazi. Amekaa. Wengine walikuwa wameshapita, nawasikia tu upande wa pili wa miti. Akanitazama, akacheka, akasema, 'Mwanangu, umechelewa kuliko mimi, na mimi kuchelewa ndiyo kazi yangu.'"

Ilikuwa yeye. Hakuna mtu angeweza kuitunga.

"Alikuwa anaonekanaje?"

"Ametoa jasho. Na mimi nilikuwa natoa jasho. Alikuwa amefungua kamba za kiatu kimoja. Nikamuuliza nimsubiri? Akasema hapana. Akasema, 'Sheria hapa ni kwamba hakuna anayebaki nyuma yangu, usiniharibie kazi. Nenda, baa iko juu hapo, fuata harufu ya viazi.' Nikaenda." Alitembea hatua kadhaa. "Ilikuwa siku yangu ya kwanza. Nilitaka wanipende."

"Saa ngapi?"

"Saa saba kasoro dakika ishirini. Nilitazama saa kwa sababu niliogopa wameshakula."

"Ukamwambia mtu?"

"Nilimwambia Philippa mlangoni, nikamwambia kuna mama nyuma anafunga kiatu. Akasema, 'Huyo ni Noreen, huyo ndiye mshika mkia wetu.' Akanivuta ndani. Kama vile hilo ni jibu. Na kwao lilikuwa jibu."

Maua yalikuwa yanatugusa mikono pande zote mbili. Nilikuwa nimeshaelewa, lakini nilitaka alifikishe mwisho mwenyewe.

"Crispin akahesabu," akasema. "Nami nimo. Halafu chakula kikaja, vyumba viwili, meza nne, mhudumu anaita majina ya vyakula, siyo ya watu. Ikabaki pai moja ya samaki. Mhudumu akauliza ni ya nani. Philippa akasema kila wiki kuna mtu anasahau alichoagiza, na huyu binti hajaagiza, mpeni yeye. Watu kumi na saba, sahani kumi na saba. Hakuna aliyeona pengo kwa sababu mimi nilikuwa nimelikalia."

"Ukala."

"Nilikula yote. Nilikuwa na njaa."

"Ilikuwa nzuri?"

Akasimama. Watu waliokuwa nyuma yetu wakasimama pia, na nikasikia mtu akisema samahani. Tamsin akageuka kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeuliza nikitaka kumuumiza, na akaliona hilo, na bado akajibu.

"Ndiyo," akasema. "Ilikuwa nzuri sana."

Tukaendelea. Baada ya muda akaniambia kwamba Jumatatu yake alimwandikia Crispin yote hayo. Crispin alimjibu siku hiyohiyo kwamba anamshukuru kwa uwazi wake, na kwamba kulisema jambo hilo hakutamsaidia mtu yeyote, hasa mume.

*

Ngazi yenyewe si kitu. Mbao mbili zilizochomekwa kwenye uzio, nguzo moja ndefu ya kushikia, majani ya upupu chini. Kibao kilikuwa kimeshafungwa kwenye nguzo na kufunikwa na kitambaa cha Philippa cha kukaushia vyombo, chenye picha za ndege wa pwani. Walijipanga nusu duara kama wanapigwa picha. Crispin akatoa karatasi.

Akasoma kwamba Noreen alikuwa nguzo. Akasoma kwamba angependa tuendelee. Siku zote hawa wafu wanapenda tuendelee. Akasoma kwamba wapo wanaokufa kwenye vitanda vya hospitali kati ya mashine, na kwamba yeye alichaguliwa kuondoka chini ya anga, katikati ya marafiki.

"Crispin," nikasema. "Hesabu ilikuwaje kumi na saba?"

Alinitazama juu ya miwani. Kondoo mmoja alikohoa upande wa pili wa uzio, kama mzee.

"Wilf, rafiki yangu, pengine baada ya..."

"Uliniandikia kumi na saba. Yeye alikuwa hapa. Nauliza ilikuwaje."

"Kulikuwa na mazingira fulani," akasema. "Siku yenye shughuli nyingi. Nadhani si mahali pake kuingia kwenye undani."

"Ndipo mahali pake hasa."

Hakuna aliyesogea. Walikuwa wakiangalia buti zao, jozi ishirini za bei mbaya. Tamsin alikuwa amesimama mwisho wa mstari na alifungua mdomo, lakini Philippa akamtangulia.

"Mwambie, Crispin," akasema. "Ama nitamwambia mimi. Ni mimi niliyemvuta Tamsin ndani. Ni mimi niliyempa sahani ya Noreen. Niliambiwa yuko nyuma anafunga kiatu, nikasahau, nikaenda kuchagua kiti karibu na moto. Miezi saba naoka mabiskuti."

"Philippa, hakuna anayekulaumu."

"Wewe utalaumiwa na nani, Crispin? Mwambie."

Crispin akaikunja karatasi. Aliikunja kama Noreen alivyokuwa akiikunja, mara mbili kwa urefu, mara moja kwa upana, anapiga pasi na kidole gumba. Nilikuwa nimeiona mara mia jikoni kwangu, na safari hii haikuchekesha.

"Nilihesabu vichwa," akasema. "Nilipata idadi niliyoitaka. Sikuangalia ni vya nani." Akaitia karatasi mfukoni. "Tulimwacha. Halafu nikajua tulivyomwacha, na sikukuandikia."

Hilo ndilo nililokuwa nimelifuata. Miezi saba nilikuwa nimejiandaa kulisikia, na nilidhani likisemwa litanitua mzigo. Halikunitua. Nilichokiona ni kwamba ndani ya dakika moja walikuwa wamemzunguka Crispin. Mzee wa kofia ya sufu alimpigapiga mgongoni. Mtu akampa maji. Mtu mwingine akasema imehitaji ujasiri, na wengine wakasema ndiyo, ujasiri mkubwa. Walikuwa wanamfariji yeye. Tamsin alibaki amesimama peke yake pale mwisho, kwenye majani ya upupu, na hata mmoja hakumgusa.

Nikaondoa kitambaa cha ndege. Kibao kilikuwa kizuri, kazi ya fundi mwenye mkono mzuri. Mimi sitoki nyumbani bila bisibisi, hata kanisani. Nikaitoa mfukoni nikaanza. Parafujo zilikuwa nne. Ya tatu ilikuwa imeingia upande na ilinichelewesha. Nadhani baadhi yao walitaka kunisaidia, kwa kuwa hawawezi kumwona mtu anafanya kazi bila kumshukuru.

"Utakipeleka wapi?" Crispin akauliza.

Nikamwekea mkononi. "Andikeni jina lake na miaka yake," nikamwambia. "Alichokipenda hamkijui. Hata mimi sikijui vizuri."

Halafu nilimwita Tamsin, tukavuka ngazi, tukapanda kwenye baa. Kwa goti langu bovu ilituchukua dakika kumi na mbili. Nilitazama saa tulipoanza na tulipofika, na niliandika nyakati zote mbili nyuma ya tiketi. Kushuka kumrudia kungechukua chini ya hapo. Supu ilikuwa inanisubiri. Tamsin aliagiza chai tu.

Kibao kipya kilifungwa mwezi wa Agosti. Kina jina na miaka. Watembezi wa Jumamosi bado wanaondoka na treni ya saa tatu na dakika saba, na wanahesabu kwa majina. Tamsin ndiye anayeyasoma, stesheni, kwenye kila geti, na mlangoni mwa baa, akianza na la mshika mkia. Crispin anasema inawachelewesha karibu nusu saa kwa siku. Jumamosi iliyopita walikuwa kumi na wanne, stesheni na mlangoni mwa baa.